Barua za Dickens: Nani Alizitunza, Nani Alizichoma?

Ukimtaja Charles Dickens, wengi wetu tunamkumbuka kwa Oliver Twist, yule yatima aliyethubutu kuomba aongezewe uji. Lakini Dickens ana kazi nyingine ambayo hakukusudia iwe kitabu: barua zake. Mkusanyo mkubwa ulichapishwa Oxford katika juzuu 12, kuanzia mwaka 1965 hadi 2002, ukiwa na barua zaidi ya 14,000. Si mchezo! Na hadi leo nyingine bado zinajitokeza.

Sasa swali: mtu akizisoma zote, atakuwa amemjua Dickens? Mimi nasema hapana, mpaka ajiulize kwanza zilifikaje hapo.

Tuanze na moto. Septemba 1860, Dickens alikusanya barua alizoandikiwa kwa takriban miaka 20, akazichoma uwanjani nyumbani kwake, Gad's Hill. Watoto wake walisaidia kuzibeba kwa vikapu. Inasimuliwa kwamba alisema anatamani hata zile alizoandika yeye zingekuwa kwenye moto huo. Ndiyo maana kusoma mkusanyo huu ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: unasikia upande mmoja tu. Alizoandika yeye zilipona kwa sababu zilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Dickens alifariki mwaka 1870. Mkusanyo wa kwanza, uliotoka kati ya 1880 na 1882, uliandaliwa na binti yake Mamie na shemeji yake Georgina Hogarth. Walikata sehemu, na baadhi ya barua wakaziunganisha kana kwamba ni moja. Walitaka jina la mzee lisichafuke, jambo linaloeleweka katika familia yoyote.

Lakini kulikuwa na mtu aliyeumia: Catherine, mke wake, aliyemzalia watoto 10. Mwaka 1858 Dickens aliachana naye. Akaandika barua akidai kwamba Catherine alikuwa na matatizo ya akili na kwamba mwenyewe ndiye aliyetaka kuondoka. Barua hiyo ikaishia magazetini, kuanzia Marekani. Hebu fikiria, mume wako ndiye mwandishi maarufu kuliko wote Uingereza, wewe utajitetea wapi?

Catherine alijitetea kwa kutunza. Barua alizoandikiwa na Dickens tangu uchumba alizihifadhi, na karibu na kifo chake mwaka 1879 akamkabidhi binti yao Kate, akiomba zipelekwe British Museum ili dunia ijue kwamba mume wake aliwahi kumpenda. Zilifika huko mwaka 1899, zikachapishwa mwaka 1935.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2019 Profesa John Bowen wa Chuo Kikuu cha York alieleza kuhusu barua za Edward Dutton Cook, jirani wa Catherine, zilizoko Harvard. Humo Cook anasimulia alichoambiwa na Catherine mwenyewe: kwamba Dickens alijaribu kumpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, ila sheria haikumruhusu. Ni maneno ya upande mmoja, kweli. Lakini na ile barua ya 1858 je? Nayo ilikuwa ya upande mmoja, ila iliaminiwa na wengi kwa kuwa aliyeiandika alikuwa na jina.

Vipi kuhusu Ellen Ternan, mwigizaji aliyekuwa karibu na Dickens hadi mwisho wa maisha yake? Kati yao wawili haijapatikana barua hata moja. Ukimya huo nao ni ushahidi kwamba kuna mtu alifanya kazi ya kufuta.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, hili lina uzito. Kesho tutasimama mbele ya darasa na kusema "barua hii inaonyesha kwamba...". Kabla hatujamaliza sentensi hiyo, tuwazoeze wanafunzi kuuliza mambo matatu: nani aliandika, nani aliitunza, na nani hakupata nafasi ya kusikika? Dickens aandike anavyotaka, anajua kuandika bwana! Lakini ukimaliza kumsoma yeye, mtafute na Catherine.