Makipa wetu wanaishia kambini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wapenzi wa kandanda hulizungumza vijiweni kwa mzaha, lakini mimi sioni kuwa ni la mzaha hata kidogo. Nalo ni suala la walinda mlango wetu, na jinsi vilabu vyetu vikubwa vinavyowasajili na kuwaweka kambini.

Kila mwaka ifikapo Julai magazeti hujaa habari za kambi. Mara Simba imekwenda Uturuki, mara imekwenda Misri, mara Yanga iko Afrika Kusini. Huko vijiweni watu huhesabu washambuliaji wapya na viungo wapya, hubishana hadi chai ikapoa. Kipa hutajwa mwishoni, na akitajwa ni kwamba amewasili mwingine kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa kipa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia pale ambapo wenzangu humalizia.

Nichukue mfano wa Simba. Siichukui kwa chuki, maana ndiyo timu aliyoipenda marehemu baba yangu na ndiyo niliyorithi, bali kwa sababu mambo yake yalitokea hadharani na kila mtu aliyaona. Mwaka 2023 kipa wake wa kwanza, Aishi Manula, aliumia vibaya. Lango likaangukia mikononi mwa kijana Ally Salim, ambaye wengi walikuwa hawamjui. Aprili 16, 2023 kijana huyo alisimama mbele ya Yanga na Simba ikashinda 2-0. Mtu angedhani hapo tatizo limepata dawa. Lakini ulipofika wakati wa usajili akaletwa Mbrazili, Jefferson Luis, timu ikaenda kambini Uturuki, Mbrazili akaumia huko huko kambini na safari yake ikaishia hapo. Nafasi yake akapewa Ayoub Lakred, raia wa Morocco.

Sasa sikilizeni. Agosti 13, 2023 ilichezwa fainali ya Ngao ya Jamii hapa kwetu Tanga, uwanja wa Mkwakwani, Simba na Yanga. Nilikuwa uwanjani, nyuma ya goli, mahali ambapo kipa mstaafu hukaa bila kuambiwa. Dakika zote zikaisha bila bao. Zikaja penalti. Aliyekuwa langoni si Mbrazili wala si yule wa Morocco, alikuwa ni Ally Salim, naye akazipangua penalti za Yanga mpaka Simba ikashinda 3-1. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, shabiki wa Yanga, alinigeukia akasema, "Huyu mtoto mtamweka benchi tu." Nilimcheka. Msimu ulipoendelea lango likawa zaidi la Lakred, na yule mzee nikawa namkwepa sokoni.

Mwaka 2024 Simba ilikwenda kambini Ismailia, Misri. Huko Lakred naye akaumia. Je, dawa ikawa nini? Akaletwa Moussa Camara kutoka Guinea. Kambi mbili, miaka miwili mfululizo, kipa wa kigeni anaumia kambini, na jibu linalopatikana ni kipa mwingine wa kigeni. Vijana wetu waliokuwa katika kambi hizo hizo, wakila chakula kile kile na kudaka mashuti yale yale, ni kana kwamba hawakuonekana.

Sitaki nieleweke vibaya. Camara si kipa mbovu, kwani alikuwamo katika kikosi kilichoifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Wala Djigui Diarra wa Mali si mbovu. Tangu alipofika Yanga mwaka 2021 timu hiyo ilitwaa ubingwa misimu minne mfululizo, na mwaka 2023 ilicheza fainali ya Shirikisho ikakosa kombe kwa hesabu ya bao la ugenini tu. Anayesema hao wamekuja kutalii ana lake jambo. Lakini vile vile tukumbuke kwamba kabla ya hapo Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ikafika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika mara mbili, Manula akiwa ndiye kipa wake wa kwanza. Kwa hiyo hoja kwamba Mtanzania hawezi kulinda lango la timu kubwa haina miguu.

Shida ya kipa haifanani na ya mchezaji mwingine yeyote. Mshambuliaji wa akiba ataingia dakika ya 70, maana siku hizi kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano. Beki wa kushoto akikosa namba atasukumwa kulia, au atapangwa kiungo. Kipa wa pili haingii. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kwa hiyo nchi nzima ina nafasi 16 tu za kusimama langoni katika kila mzunguko wa ligi. Ukiingiza wageni watano au sita katika nafasi hizo, wala huhitaji kalamu kujua kilichobaki. Kanuni iliyoruhusu wageni hadi 12 kwa klabu moja ilihesabu vichwa, haikuangalia mchezaji anasimama wapi uwanjani. Winga wa kigeni huondoa sehemu ya nafasi ya winga wetu. Kipa wa kigeni huiondoa yote.

Naijua hali hiyo kwa sababu niliionja. Miaka ya 80 nilisajiliwa kuwa kipa wa tatu katika timu moja ya mkoa huu ambayo sitaitaja jina. Kambi yetu ilikuwa shule ya msingi wakati wa likizo. Tulilala darasani juu ya mikeka, madawati yamepangwa ukutani, uji asubuhi, ugali na dagaa jioni, na siku viongozi walipokuja kututembelea tulipata nyama. Kazi ya kipa wa tatu ilikuwa hii: wa kwanza kuamka kumwagia maji kiwanja kisitimue vumbi, wa mwisho kuondoka, maana washambuliaji wakitaka kupiga mashuti ya ziada hawawezi kumchosha kipa wa kwanza. Nilipigiwa mashuti mpaka viganja vikavimba. Glovu ilikuwa jozi moja, na haikuwa yangu.

Kipa wetu wa kwanza, ambaye nilimwita kaka kwa heshima ya umri, alinifundisha mengi kwa maneno machache. Aliniambia mpira wa krosi usiufuate kwa macho tu, ufuate kwa mguu wa mbele. Msimu wa pili akashikwa na malaria, yule wa pili akawa amefiwa, nikapangwa. Nilicheza mechi tatu. Ya kwanza nilifungwa mabao matatu, moja nililitema mwenyewe miguuni pa adui. Ya pili nikafungwa moja. Ya tatu sikufungwa. Ndugu Mhariri, katika zile dakika 270 nilijifunza kuliko miezi 20 ya kumwagia kiwanja maji. Mazoezini unajua shuti linakuja, kocha amekwisha kukuambia. Katika mechi unakaa nusu saa huguswi, jua linakuchoma, mawazo yanaanza kwenda nyumbani, halafu ghafla mtu yuko peke yake na wewe. Hakuna kambi ya Uturuki wala ya Misri inayofundisha jambo hilo.

Kambi iliyofuata viongozi walileta kipa mwingine kutoka mkoa wa mbali. Mimi nikaambiwa nipumzike kwanza. Bado napumzika.

Basi tutazame ligi yetu ilivyokuwa msimu wa 2023/24. Nafasi nne za juu zilishikwa na Yanga, Azam, Simba na Coastal Union. Yanga ilikuwa na Diarra. Simba ilikuwa na Lakred. Azam ilimleta Msudani Mohamed Mustafa mwaka 2024. Na Coastal Union yetu ya Tanga, ambayo baadhi yenu mtasema nisiiguse, ilikuwa na Ley Matampi wa Kongo, naye ndiye aliyechaguliwa kipa bora wa ligi msimu ule. Timu zote nne za juu zilikuwa na kipa wa kigeni! Nakiri kwamba hata mimi nilimshangilia Matampi mpaka sauti ikakauka. Shabiki hana aibu timu yake inaposhinda, na ndiyo maana kazi ya kutunga kanuni haiwezi kuachiwa shabiki, wala haiwezi kuachiwa klabu.

Januari 2024 timu ya taifa ilikwenda Ivory Coast katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Makipa waliochaguliwa walikuwa Manula, aliyetoka kuuguza jeraha kwa miezi mingi, Beno Kakolanya, na kijana Kwesi Kawawa aliyekuwa akicheza Sweden. Tulifungwa 3-0 na Morocco, tukatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo. Simlaumu kipa yeyote kwa matokeo hayo. Ninachouliza ni hiki: Manula angeteguka mguu siku ya kwanza ya kambi, kocha angechagua miongoni mwa wangapi waliokuwa wakidaka kila wiki katika timu kubwa za nyumbani? Ally Salim wa Mkwakwani hakuwamo hata katika kikosi.

Wazee wenzangu watakumbuka mwaka 1980 tulipokwenda Lagos kwa mara ya kwanza. Makipa walikuwa Athumani Mambosasa na Juma Pondamali, na watu waligombana mitaani nani aanze. Ugomvi ule ulikuwa neema. Kocha mwenye makipa wawili ambao nchi imegawanyika juu yao hana shida ya kipa.

Wako watakaosema mbona Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN tuliyoandaa pamoja na Kenya na Uganda, tulifika robo fainali na lango letu likapenywa mara mbili tu katika mechi tano. Ni kweli kabisa. Lakini kipa wetu wa kwanza alikuwa nani? Alikuwa Yakoub Suleiman, kutoka JKT Tanzania, timu ya jeshi, na timu za majeshi hazina desturi ya kusajili wageni. Huko alikuwa akicheza. Baada ya mashindano Simba ikamsajili. Nilifurahi kwa ajili yake na familia yake, maana kipa naye ana watoto wa kusomesha, ila Camara alikuwa bado yupo pale, na nikamkumbuka tena yule mzee wa Mkwakwani.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili. Misri kwa miaka mingi imevikatalia vilabu vyake makipa wa kigeni. Tazameni ajabu hiyo: timu yetu inakwenda kufanya kambi katika nchi ambayo kipa wake wa kwanza asingeruhusiwa kusajiliwa na klabu ya huko. Korea Kusini nayo, baada ya kipa Mrusi Valeri Sarychev kuisaidia klabu yake kuchukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, vilabu vingine vikakimbilia wageni, na mwaka 1999 vikapigwa marufuku kabisa. Mwaka 2002 Korea ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kipa wao Lee Woon-jae. Hata hivyo mwaka 2025 Wakorea wenyewe waliamua kuifuta marufuku hiyo kuanzia msimu wa 2026, moja ya sababu ikiwa kwamba makipa wa nyumbani, kwa kukosa mshindani, mishahara yao ilipanda kupita kiasi. Kwa hiyo mimi siombi marufuku. Marufuku humfanya kipa mvivu abweteke.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hapo. Klabu yenye kipa wa kigeni ilazimike kumpanga kipa Mtanzania katika mechi zake zote za Kombe la Shirikisho la nyumbani, na katika idadi fulani ya mechi za ligi itakayokubaliwa. Kipa wa tatu asikae kambini mwaka mzima kama nilivyokaa mimi. Apelekwe kwa mkopo katika timu ya daraja la chini akadake, hata kama atafungwa matano, na klabu mama iendelee kumlipa. Tena klabu zinapotangaza kambi zitutajie na mwalimu wa makipa, si kocha mkuu peke yake. Baadhi ya timu zetu za chini humwachia kazi hiyo yeyote aliyewahi kuvaa glovu. Nasema hivyo kwa kuwa hapa mtaani kwetu yeyote huyo ni mimi, na vijana wanne ninaowafundisha jioni kwenye shimo la mchanga wanastahili mtu aliyesomea.

Naomba wanaohusika na kanuni za Ligi Kuu watujibu kupitia ukurasa huu, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.

Kipa wa Tatu,
Ngamiani, Tanga.