Kiingilio Bure, Gharama Nani Analipa?

Ngozi ya ngoma ikilegea, mpigaji huisogeza kwenye moto wa nyasi kavu, akaigonga kwa ncha za vidole, akasikiliza, akaisogeza tena. Watu husubiri wakipiga soga. Hakuna aliyekata tiketi, kwa hiyo hakuna anayelalamika kwamba muda unapotea. Waluguru wanapomtoa mwali, uwanja huwa wazi kwa ndugu, jirani na mpita njia. Pesa hata hivyo zipo: huonekana pale mtu anapoingia katikati ya duara kumtunza mchezaji, na zilikuwepo tangu nafaka na kuni zilipochangwa.

Huo ndio muziki wa bure ambao wakazi wa miteremko ya Uluguru wameujua siku zote. Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro, imekaa chini ya milima hiyo yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Mji wenyewe ni wa muziki kweli kweli. Hapa Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba, akichota mapigo kwenye santuri za Kuba zilizouzwa Afrika Mashariki, mpaka alipofariki mwaka 1965. Hapa pia Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilimkuza mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na mwaka 1970 bendi hiyo ikaenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Bendi hizo mbili zilikuwa mahasimu, na mashabiki wa mji walikuwa na pande zao. Lakini dansi lilikuwa zaidi la ukumbini, na mlangoni alikaa mtu wa kukusanya kiingilio.

Muziki wa barabarani ulikuwa na utaratibu wake. Beni, iliyozaliwa kwenye pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilienea Tanganyika nzima baada ya askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia kurudi makwao. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, vyeo na gwaride. Aliyesimama kando ya njia alitazama bila kulipa chochote. Waliolipa ni wanachama wenyewe, na michango yao haikuishia kwenye tarumbeta: chama kilimsaidia mgeni aliyefika mjini hana ndugu, na mwanachama akifariki, wenzake walimzika.

Siku hizi muziki wa bure wa uwanjani mara nyingi una mlipaji mwingine. Mwenge wa Uhuru unapolala kwenye halmashauri, mkesha hujaa ngoma, kwaya na bendi, na serikali ndiyo mwenyeji. Wakati wa kampeni, wasanii wa Bongo Fleva hupanda jukwaani kabla ya mgombea. Kampuni za simu nazo huleta burudani pamoja na meza za kusajili laini, na mikutano ya injili huja na kwaya zake na spika zake. Watu hufurahi kwa haki kabisa. Ila jukwaa likishabomolewa na lori kuondoka, mtaa haubaki na kikundi, mfuko wala tarehe ya kukutana tena.

Zanzibar inaonesha njia ya katikati. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, hutoza tiketi ndani ya Ngome Kongwe, na Watanzania hulipa pungufu ya wageni. Nje ya kuta limekuwa na gwaride la ufunguzi mitaani na maonesho ya bure katika bustani ya Forodhani, mahali ambapo wenyeji hukaa kila jioni hata pasipo tamasha. Kwa namna hiyo tiketi ya mmoja humsaidia mwingine kusikiliza. Hata hivyo fedha za wafadhili ni muhimu sana: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha za kutosha.

Dar es Salaam nako, singeli ilikulia kwenye vigodoro, sherehe za mtaani zilizokesha kwa spika za kukodi. Msanii asiyejulikana alipata maikrofoni bila kumjua mtu redioni. Jirani mwenye mtoto mchanga au zamu ya alfajiri hakuwa na pa kukimbilia, na mamlaka zimewahi kuvipiga marufuku vigodoro hivyo.

Kwa mtaa kama wa Kilakala unaotaka muziki wake wa wazi, mambo ya kuanzia ni ya kawaida: kibali, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kushirikishwa mapema, na daftari la michango linaloonekana na wote. Juni hadi Septemba ndiyo miezi salama, kwa kuwa masika ya Machi hadi Mei huharibu uwanja na vyombo vya umeme. Saa nazo zina uzito, kwani kanuni za kelele za mwaka 2015 ni kali zaidi usiku kuliko mchana. Onesho likianza saa tisa alasiri na kumalizika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, taa hazihitajiki, jenereta inakuwa ndogo, bibi na wajukuu wanaweza kuhudhuria, na wapigaji wanaotoka mbali bado wanapata daladala.