Wiki Moja kwa Treni Nchini Italia: Namna ya Kupanga Safari ya Miji Kadhaa

Miongoni mwa nchi za Ulaya, ni chache zinazomfaa msafiri wa treni mwenye siku za kuhesabika kuliko Italia, kwa kuwa miji yake mashuhuri ya kihistoria, yaani Napoli, Roma, Firenze, Bologna na Milano, imejipanga juu ya njia kuu moja ya reli inayotoka kusini kwenda kaskazini, huku Venezia ikifikiwa kwa tawi linalochepuka Bologna kuelekea kaskazini-mashariki. Reli ya kwanza ya rasi hiyo ilizinduliwa mwaka 1839 baina ya Napoli na Portici, umbali usiofika kilomita nane, wakati Italia ilipokuwa bado imegawanyika katika falme na dola ndogondogo, na baada ya nchi kuunganishwa mwaka 1861 reli ikawa mojawapo ya nyenzo za kuifunga pamoja. Njia mpya ya kasi kati ya Roma na Firenze ilianza kutumika kwa sehemu mwaka 1977 na kukamilika mwaka 1992. Ile ya Milano na Bologna ikafuata mwaka 2008, na mwaka 2009 ikafunguliwa njia ya Bologna na Firenze, ambayo sehemu yake kubwa hupita katika mahandaki chini ya milima ya Apennini. Leo treni za mwendo kasi hufikia kilomita 300 kwa saa katika baadhi ya sehemu za mtandao huo.

Urahisi huo, hata hivyo, huweza kumponza msafiri. Ratiba inayoonyesha kwamba kutoka Roma hadi Firenze ni saa moja na nusu, na kwamba kutoka Firenze hadi Bologna ni takriban dakika arobaini, humshawishi kuongeza mji juu ya mji hadi safari ya wiki moja ikawa na vituo sita, ilhali kinachomla muda si treni bali ni kule kuhama kwenyewe. Kasi ya reli hufupisha njia lakini haifupishi shughuli za kuhama, na kwa sababu hiyo anayepanga safari ya namna hii hana budi kuamua kwanza atalala wapi na siku ngapi, kisha ndipo atafute tiketi.

Siku za kulala kabla ya orodha ya miji

Siku ya kuhama huwa na mambo mengi yasiyoonekana katika ratiba ya treni. Msafiri hufunga mizigo, hukabidhi chumba kabla ya muda uliowekwa na hoteli, ambao aghalabu huwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, huelekea stesheni na kufika mapema, husafiri, kisha huitafuta hoteli nyingine ambayo kwa kawaida haitoi chumba kabla ya saa nane mchana au saa tisa alasiri. Hivyo safari ya saa moja na nusu humaliza karibu nusu ya siku. Mwenye siku saba za kulala akichagua miji mitatu atahama mara mbili na kupoteza takriban siku moja. Akichagua mitano atahama mara nne, na siku mbili kati ya saba zitakwisha katika kufunga na kufungua masanduku. Mgawanyo unaowafaa wengi wanaoitembelea nchi hiyo kwa mara ya kwanza ni kulala siku tatu Roma, mbili Firenze na mbili Venezia, kwa kuwa Roma ndiyo yenye mengi zaidi ya kutazamwa na ndiyo pia inayompokea msafiri akiwa bado na uchovu wa ndege.

Kupunguza miji ya kulala hakumaanishi kupunguza miji ya kuiona. Kutoka Firenze, treni ya kawaida humfikisha msafiri Pisa kwa muda wa takriban saa moja. Kutoka Bologna, miji ya Modena na Ferrara iko karibu. Na Padova, yenye kanisa dogo la Scrovegni lililopambwa kwa michoro ya Giotto, iko mwendo mfupi kutoka Venezia. Miji hiyo hutembelewa kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mizigo ikiwa imebaki hotelini, na siku nzima ikatumika kutembea badala ya kuhama.

Mfuatano wa siku nao huamuliwa na mambo ambayo msafiri hawezi kuyabadili. Jumba la makumbusho la Uffizi mjini Firenze hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Na mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, ulioko Milano, hutazamwa na vikundi vidogo kwa robo saa tu, kwa tiketi zinazopaswa kukatwa mapema. Ni busara basi kuandika kwanza katika kalenda jambo lenye tarehe isiyohamishika, na kuzipanga safari za treni kulizunguka.

Viza na mlango wa kutokea

Kwa raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika, mpango hauwezi kutenganishwa na viza ya Schengen, yaani kibali cha muda mfupi kinachotambuliwa na nchi 29 za Ulaya na kumruhusu mwenye nacho kukaa humo si zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Maombi huwasilishwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake; mwombaji huonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90. Kwa kuwa mwombaji hutakiwa kueleza mahali atakapolala na mpangilio wa safari yake, hujikuta katika hali ya kuhitaji mpango kamili kabla ya kuwa na uhakika wa kusafiri. Njia ya kuepuka hasara ni kushika vyumba katika hoteli zinazoruhusu kughairi bila malipo, na kuziacha tiketi za treni zisizorudishwa fedha hadi viza itakapopatikana.

Tiketi ya ndege nayo huathiri mstari wa safari. Msafiri anayeingilia Roma na kutokea Roma, baada ya kufika Venezia, hulazimika kurudi njia ile ile kwa treni ya karibu saa nne, ilhali anayekata tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine huendelea mbele tu, bila kurudia alikopita. Jambo hili linawezekana kwa msafiri wa Afrika Mashariki, kwa mfano kwa ndege za Ethiopia zinazounganisha Addis Ababa na Roma na pia Milano. Katika mpango huo, Venezia huwa kituo cha kabla ya mwisho, na Milano, iliyo mwendo wa takriban saa mbili na nusu kwa treni, ikawa mahali pa kulala kabla ya kupanda ndege, ili ucheleweshaji wowote wa reli usimkoseshe mtu safari ya kurudi nyumbani.

Treni za aina mbili, nauli za aina mbili

Msafiri aliyezoea treni za SGR za Dar es Salaam na Dodoma, au za Mombasa na Nairobi, hulijua jambo la kukata tiketi yenye namba ya behewa na kiti, lakini huko nauli hufuata daraja, umbali na aina ya treni, wala haipandi kwa kuwa tiketi imekatwa jana badala ya mwezi uliopita. Nchini Italia hali hiyo inapatikana katika aina moja tu ya treni, na ni muhimu kuzitofautisha aina zote mbili.

Aina ya kwanza ni treni za mwendo kasi, ambazo huendeshwa na kampuni mbili zinazoshindana juu ya reli zile zile: Trenitalia, ambayo ni ya serikali na ambayo treni zake mashuhuri huitwa Frecciarossa, na Italo, kampuni binafsi iliyoanza kusafirisha abiria Aprili 2012. Nauli za treni hizi hupangwa kama za ndege, kwa maana kwamba viti vichache huuzwa kwa bei ya chini na bei hupanda kadiri viti hivyo vinavyokwisha. Trenitalia hutoa daraja kadhaa za bei kwa kiti kile kile: ile iitwayo Base ni ghali lakini humruhusu abiria kubadili tiketi yake kabla ya safari, Economy ni nafuu na ina masharti zaidi, na Super Economy ni ya chini kabisa lakini karibu haibadiliki. Kila tiketi ni ya treni moja, saa moja na kiti kimoja. Anayeachwa na treni akiwa na tiketi ya bei ya chini huwa amepoteza fedha zake.

Aina ya pili ni treni za mikoa, zinazosimama katika miji midogo na kwenda polepole zaidi. Nauli zake hufuata umbali, hazina namba za viti, na bei ya siku ya safari ni sawa na ya mwezi mmoja kabla, hivyo hakuna faida ya kuzikimbilia mapema. Lipo sharti moja linalowanasa wageni wengi: tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri katika mashine ndogo zilizowekwa stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi huihesabu kuwa batili na kumtoza abiria faini hata kama amelipa nauli yote.

Kutokana na tofauti hiyo hutokea kanuni ya matumizi ya fedha: tiketi za mwendo kasi zinazounganisha miji ya kulala hukatwa mapema mara tu viza inapopatikana, na zile za mikoa huachwa hadi siku yenyewe. Pasi ya reli, yaani tiketi moja ya kusafiria treni nyingi kwa siku kadhaa, aghalabu haimfaidii mwenye miji mitatu, kwa kuwa hata mwenye pasi hulipia nafasi ya kiti katika treni za mwendo kasi.

Stesheni na mbao zake

Mji mmoja huweza kuwa na stesheni kadhaa, na kosa la jina moja huweza kugharimu saa nzima. Venezia Mestre iko bara, na Venezia Santa Lucia iko kisiwani, ng'ambo ya daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1846. Anayelala katika mji wa kale hushuka Santa Lucia. Napoli Afragola, iliyofunguliwa mwaka 2017, iko nje ya mji, wakati Napoli Centrale iko katikati. Roma ina Termini na Tiburtina, na Firenze ina Santa Maria Novella iliyo karibu na makanisa na majumba ya sanaa, pamoja na nyingine zilizo mbali zaidi.

Ubao wa safari huonyesha mwisho wa treni na si kila kituo inachosimama kwa maandishi makubwa; kwa hiyo anayetoka Roma kwenda Firenze huenda asilione jina la Firenze, kwa kuwa treni yake imeandikwa Milano au Venezia, na namba ya treni iliyo kwenye tiketi ndiyo kitambulisho cha kutegemea. Jukwaa la kupandia hutangazwa muda mfupi kabla ya kuondoka. Saa nazo huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Abiria hubeba na kupakia mizigo yake mwenyewe, jambo linalodai sanduku dogo, hasa Venezia, ambako hakuna magari na madaraja mengi yana ngazi.

Migomo, sikukuu na ucheleweshaji

Migomo ya wafanyakazi wa reli hutokea mara kwa mara nchini Italia, lakini hutangazwa mapema, kwa kuwa sheria ya mwaka 1990 kuhusu migomo katika huduma za lazima hutaka taarifa itolewe na huduma za msingi zibakie. Siku za kazi, treni za mikoa huhakikishwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na tena kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, na ipo orodha ya treni za masafa marefu zinazoendelea kusafiri. Treni ikichelewa kufika kwa saa moja hadi chini ya saa mbili, kanuni za Umoja wa Ulaya humpa abiria haki ya kudai robo ya nauli, na ikichelewa saa mbili au zaidi, nusu yake, isipokuwa ucheleweshaji uwe umetokana na mambo kama hali ya hewa ya kupindukia.

Tarehe nazo zina uzito. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, na siku za Pasaka hujaza treni na kupandisha nauli. Tangu Aprili 2024, Venezia hutoza ada ya kuingia kwa wageni wa kutwa katika siku maalumu za msongamano, lakini wanaolala humo wamesamehewa, kwa kuwa hulipa kodi ya malazi kupitia hoteli zao.

Mpango unaofaa, kwa hiyo, haujazi kila saa, bali hutenganisha yanayopaswa kufungwa mapema na yanayoweza kuachwa wazi. Viza, ndege, malazi, tiketi za mwendo kasi na zile za makumbusho yenye nafasi chache hufungwa mapema. Yaliyobaki hayahitaji kuamuliwa nyumbani: aliyelala Firenze anaweza kungoja mvua ya asubuhi ipite ndipo achague kati ya Pisa na Lucca, kwa sababu nauli ya treni ya mkoa itakuwa ni ile ile.