Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye

Picha za michezo huamuliwa na mwanga. Ili mchezaji anayekimbia atoke mkali, pazia la kamera hufunguka na kufunga ndani ya 1/1000 ya sekunde au chini ya hapo. Mchana wa jua hilo ni jambo dogo. Mtihani ni mechi ya saa moja usiku, kwenye uwanja ambao taa zake hazimuliki kona zote sawasawa. Lenzi ya bei nafuu, ambayo tundu lake huishia f/5.6 ikivutwa hadi mwisho, hupitisha robo tu ya mwanga wa lenzi ya f/2.8. Pengo hilo hufidiwa kwa kupandisha ISO mara nne, picha ikajaa chengachenga, na hakuna mdhamini wa timu anayelipia chengachenga.

Kwa hiyo mwenye bajeti finyu aanze na zumu ya 70-200mm f/2.8, hata ya mtumba. Lenzi nzuri hubaki na thamani miaka mingi, ilhali bodi hushuka bei kila toleo jipya linapotoka. Tangu 2018, Canon na Nikon zilipoleta mifumo mipya ya kamera za sensa kubwa zisizo na kioo, kamera nyingi za zamani zimeingia sokoni kwa bei ya kuongeleka. Canon EOS 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016 hupiga fremu 10 kwa sekunde, zikiwa na megapikseli 20 hivi, zinazotosha gazeti na hata bango. Sensa zao ndogo huvuta zaidi: kwenye Canon hiyo, 200mm huonyesha eneo la 320mm, ingawa usiku hulemewa mapema kuliko sensa kubwa. Hata hivyo, aliyeketi nyuma ya goli moja asitegemee goli la pili, lililo mita 105 mbele yake.

Mtumba hukaguliwa. Muuzaji aulizwe pazia limepiga mara ngapi. La kamera hizo mbili lilipimwa kwa mapigo 200,000. Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe kama za utando ni fangasi, ugonjwa wa kawaida wa lenzi katika unyevu wa Dar es Salaam na Mombasa. Kisha ipigwe mfululizo wa bodaboda inayokuja, na picha zikuzwe kuona ni ngapi ambazo namba ya pikipiki inasomeka.

Inayobaki iende kwenye betri ya akiba, kadi mbili zenye kasi na stendi ya mguu mmoja. Lenzi ya 400mm f/2.8 haina haja ya kununuliwa mapema. Hukodiwa kazi kubwa ikija, na kodi yake huingizwa kwenye ankara ya mteja.