Nyumba ikivunjwa, mimi naona stoo

Leo nawapa stori ya mlango mmoja ulionitia adabu.

Nipo Kihonda, Morogoro. Nauza mtandaoni vifaa vya ujenzi vilivyotumika: bati, mbao, milango, grili na tofali. Tangu SGR ianze kubeba abiria Dar–Moro Juni 2024, huku kwetu naona nyumba za zamani zinashushwa, watu wajenge fremu za biashara. Wengi hupiga nyundo tu. Mimi naomba siku mbili kabla: tunaezua bati, tunang'oa milango na fremu zake kwa mtaimbo, taratibu.

Sasa ule mlango. Ulikuwa wa mninga, mzito. Nikapiga picha moja, nikaandika "bei njoo inbox". Mama mmoja wa Msamvu akalipa 150,000. Ulipofika, fundi akapima: mfupi kwa sentimita 10, na chini umeliwa na mchwa. Nikarudisha hela yote, nauli ya kirikuu nikaila mimi. Kilichoniuma zaidi ni status yake: "Msinunue vitu vya mitandaoni." Na alikuwa na haki.

Tangu siku ile nafanya hivi:

1. Napima kila kitu na kuandika vipimo, geji ya bati na bei. Kumbuka, geji 28 ni nene kuliko geji 30.

2. Picha ya kwanza naonyesha uzuri, ya pili kasoro. Tundu la msumari, kutu, mchwa, vyote vionekane.

3. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo huchomoka nzima. Za saruji nyingi huvunjika, kwa hiyo sizilipii bei ya tofali nzima.

4. Nanunua kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa akijua. Chuma cha reli au cha umeme sigusi hata kwa bei ya bure.

5. Paa la asbesto naliacha. Likivunjika vumbi lake huleta saratani. Hakuna faida inayolipa mapafu.

Miezi minne baadaye yule mama akanipigia, anataka bati za banda la kuku. Akasema, "Mwanangu, safari hii nitumie na picha ya matundu." Nikamtumia. Akachukua bati 12.

Wewe bidhaa yako ina kasoro gani ambayo hujawahi kumwonyesha mteja? Tuambie hapo chini.