Nyumba Ikijua Umenuna

Hivi umewahi kumuuliza mwenzi wako "Una nini?" akakujibu "Sina kitu," huku sufuria zinagongana jikoni utadhani gereji? Unajua kuna jambo, ila hujui ni lipi. Sasa wapo wataalamu wanaotaka kazi hiyo ya kumsoma mtu waikabidhi nyumba yenyewe.

Kuta zenye masikio

Mwaka 2016, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Dina Katabi, walionyesha kifaa kinachoitwa EQ-Radio. Hakivaliwi, wala hakina kamera. Kinarusha mawimbi ya redio, yakigonga mwili yanarudi, na kompyuta inapima pumzi zako na muda kati ya pigo moja la moyo na jingine. Kutokana na hapo kinakisia kama una furaha, huzuni au hasira. Kwa mtu kilichokwisha kumzoea, kilipatia kwa asilimia 87. Kwa mgeni, kilishuka hadi kama 72.

Moyo unadunda, lakini kwa nini?

Hapo ndipo penye utata. Moyo unaokwenda mbio unaweza kuwa wa hasira, wa hofu, wa kupanda ngazi na ndoo ya maji, au wa mapenzi tu. Uso nao si shahidi wa kuaminika. Mwaka 2019, jopo lililoongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett lilipitia tafiti nyingi na kuona kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban mara 3 tu katika kila 10. Wengine hulia, wengine hunyamaza kimya.

Tangu Februari 2025, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kutumia akili bandia kusoma hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Nyumbani marufuku hiyo haifiki. Huko mtajilinda wenyewe.

Somo kutoka Seattle

Kuwapima wapenzi nyumbani si jambo geni. Miaka ya 1990, mwanasaikolojia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington aliwaalika wanandoa wapya kwenye fleti ya utafiti. Walipika, wakala, wakapiga soga, huku kamera na vipima moyo vikifanya kazi. Miaka 6 baadaye, ikaonekana kuwa waliodumu ndio waliokuwa wakiitikiana. Mmoja akisema "Hebu ona mvua inavyokuja," mwenzake anageuka kuangalia. Waliodumu waliitikia mara 86 katika kila 100. Walioachana, mara 33 tu.

Kabla hujafungua pochi

*Kubalianeni wote.* Kifaa kilichofichwa nyuma ya kabati ni upelelezi, usijidanganye kuwa ni mapenzi. Kumbuka pia dada wa kazi na wageni: nao wana haki ya kujua wanapimwa.

*Ulizeni taarifa zinakwenda wapi.* Zinabaki ndani ya kifaa, au zinasafiri hadi kwa kampuni? Mnaweza kuzifuta?

*Msigeuze kifaa kuwa ushahidi.* "Mashine imesema umenuna" ni sentensi ya kuanzisha ugomvi mpya, haijawahi kumaliza wa zamani.

*Anza kujipima wewe.* Kama una saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, itazame katikati ya majibizano. Gottman anasema mapigo yakipita 100 kwa dakika, mtu hasikii tena anachoambiwa. Omba mapumziko ya angalau dakika 20, kisha rudi mmalizie maongezi. Ukiondoka bila kusema unarudi, mwenzio atadhani umemsusa.

Basi kama bajeti inaruhusu, nunueni. Kifaa kitakwambia moyo wa mwenzako unakwenda mbio. Sababu yake muulize mwenyewe, weka simu chini, na umpe muda wa kujibu.