Maziwa yakikusumbua, usimlaumu mchuuzi

Majirani wawili wa Kitengela hununua maziwa kwa mchuuzi mmoja. Wa kwanza hunywa akalala fofofo. Wa pili hukesha tumbo likinguruma na kumwendesha. Asubuhi lawama humwendea mchuuzi.

Huenda hana hatia. Sukari ya maziwa huvunjwavunjwa utumboni na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hiki hupungua baada ya utoto. Lakini wafugaji wengi, wakiwemo Wamaasai wa Kajiado, wamerithi jeni inayokidumisha ukubwani.

Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko ya jeni hiyo waliyoyapata Kenya, Tanzania na Sudan si yale ya Wazungu. Kwa hivyo, kipimo kilichoundwa kwa damu ya Wazungu pekee chaweza kumwambia Mmaasai kuwa maziwa hayamfai, ilhali ameyanywa maisha yake yote! Tiba ya jeni itatufaa tu ikiwa damu yetu nayo imechunguzwa.

Mzazi, mtoto akiharisha mpeleke kwa daktari, usikisie. Mtu mzima anayesumbuliwa na maziwa ajaribu maziwa lala, kwani bakteria huwa wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo.